Kamusi ya Grose na tafsida za kitandani za Waingereza: uzoefu wangu

Mimi ni mfasiri, na mwaka huu hakuna kamusi niliyoifungua kwa raha kama hii ya Francis Grose. Grose alikuwa kapteni wa wanamgambo, mchoraji wa majengo ya kale na rafiki wa mshairi Robert Burns. Mwaka 1785, miaka 30 baada ya kamusi kubwa ya Samuel Johnson, alichapisha kamusi ya lugha ya mitaani, "A Classical Dictionary of the Vulgar Tongue". Kwenye dibaji anawataja walimu wake: askari wakiwa katika safari ndefu za miguu, mabaharia wakivuta nanga, wanawake wauza samaki, na maongezi ya mashua ya Gravesend, mji wa bandari kwenye mto Thames.

Kwanza niliagiza nakala ya karatasi kwa muuzaji wa mtandaoni, nikapata hasara. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha vibaya, herufi zimefifia, na sehemu ya herufi G haikuwamo kabisa. Baadaye nikagundua kwamba chapa ya 1811, iliyoongezwa maneno na watu wengine baada ya Grose kufariki, ipo bure Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya zamani mtandaoni. Hiyo ndiyo ninayotumia, kwenye simu.

Nilichokuwa natafuta ni jinsi Waingereza wa zamani walivyolifunika tendo la ndoa kwa maneno. Wametumia kazi zao za mikono! Grose analiita "ufundi mzuri wa kale wa kusuka vikapu". Mara anaongeza maana nyingine: kutengeneza miguu ya soksi za watoto. Hapo nilisoma mara mbili. Mwanzoni nilidhani ni kufuma ile sehemu ya wayo. Kumbe ni miguu yenyewe: soksi zipo tayari, zinamsubiri mwenyewe azaliwe. Mke wangu alikuwa anakunja nguo za mtoto wetu wa miezi saba, nikamsomea. Akainua soksi moja ya njano, akaitazama, akasema, "Baba Neema, kumbe na sisi ni mafundi." Tulicheka hadi mtoto akaamka.

Jikoni nako hawakupaacha. "Kuunganisha firigisi" ni kuishi kinyumba bila ndoa, na pia ni tendo lenyewe. Mabaharia wameleta hornpipe, ngoma yao ya melini, wakaifunika blanketi: "blanket hornpipe". Kumpa msichana "gauni la kijani" ni kumlaza nyasini. Tafsida hii naipenda kuliko zote kwa sababu unaliona doa la majani kwenye nguo kabla hujaambiwa kilichotokea.

Halafu kuna "mnyama mwenye migongo miwili". Grose anamtaja Shakespeare kuwa shahidi, katika tamthilia ya Othello, ingawa mwandishi Mfaransa Rabelais alikwisha kuutumia msemo huo kwa Kifaransa katika miaka ya 1530. Kwa mfasiri hapa pana kazi. Katika tamthilia hiyo, Iago, yule mhusika mwovu, anamtupia mzee Brabantio maneno hayo usiku, nje ya nyumba yake, ili amchome baba kuhusu binti yake aliyekwenda kwa Othello. Ndani ya kamusi sumu ile imekauka, umebaki utani. Tena ukitafuta "rantum scantum" unaambiwa ni mchezo wa kumuunda mnyama huyohuyo, yaani tafsida imefafanuliwa kwa tafsida. Hilo la "rantum scantum" sijaweza kulitafsiri, maana ladha yake yote iko kwenye mlio.

Kilichoniudhi, na nasema wazi, ni jinsi kamusi inavyomtazama mwanamke. Kiungo chake kimeandikwa kwa nyota katikati ya herufi, kisha kikaelezwa kuwa ni jina chafu la kitu kichafu. Mtu aliyesifia ufundi wa vikapu angeweza kuandika vizuri zaidi ya hapo. Pia maneno hayana tarehe, kwa hiyo hujui lipi lilikuwa jipya na lipi limezeeka.

Kuisoma kumenifanya niwakumbuke makungwi wetu. Kwenye maandishi tuna "tendo la ndoa" na "kukutana kimwili", maneno ya heshima na ya kliniki. Yale ya kuchekesha, yenye kinu, mchi na chombo baharini, yako unyagoni na kwenye midomo ya bibi zetu. Natamani sana wanawake wenyewe wayaandike, kwa namna wanayoona inafaa, kabla hawajaondoka nayo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Si kitabu cha kumwachia mtoto. Ukiifungua kwenye simu, usianze na herufi A. Andika "amorous congress" (mkutano wa mahaba) kwenye kisanduku cha kutafutia, maana ndivyo kamusi inavyopenda kulieleza jambo hili kwa adabu, na maneno yaliyojificha yataanza kutoka moja moja.