Duka la mabango, friji bovu na stesheni yangu ya Voi

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu hapa Malindi: karatasi ngumu ya plastiki nyeupe, unene wa milimita moja, ile ya polistaireni. Najenga mfano wa stesheni ya zamani ya Voi kwa kipimo cha 1:87, pamoja na kota za reli tulimolelewa mimi na ndugu zangu, maana marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Tangu treni ya Madaraka Express ianze mwaka 2017, abiria wa Voi wanashukia stesheni mpya, na ile ya reli ya zamani nataka wajukuu waijue. Sijaona popote inauzwa ikiwa tayari kwenye boksi. Zinazouzwa ni stesheni za Ujerumani, Uingereza na Marekani. Ya kwetu lazima uikate mwenyewe, ukuta kwa ukuta. Mlango wa mita mbili unakuwa milimita 23, na ukikosea nusu milimita jicho linakusuta.

Ndiyo maana naing'ang'ania polistaireni. Unaichanja kwa kisu mara mbili, unaikunja kidogo, inakatika "ta!" na ukingo umenyooka kama umepigwa rula. Gundi yake haishiki juu juu tu. Inayeyusha pande zote mbili kidogo, zikikauka zimekuwa kitu kimoja. Pakiti za Evergreen kutoka Marekani nimewahi kuzitumia na sina neno baya juu yake, ila vipande ni vidogo na nauli ya kuvileta ilinizidia bei yake. Kwa pensheni yangu, hapana.

Basi nikaenda duka moja la mabango, karibu na Barabara ya Lamu. Silitaji jina. Nilisalimia, nikajieleza kwa adabu, nikamwonyesha mwenye duka kipande kidogo kilichonibakia. Akakishika, akakipindua, akasema, "Ndiyo hii hii, mzee. Plastiki ni plastiki." Akanikatia robo ya karatasi kubwa, ile ya futi nne kwa nane. Ilikuwa nene kuliko niliyotaka, milimita 3, lakini akasema nyembamba hakuna na hii ndiyo watu wote wanatumia. Shilingi 1,800, nikalipa kwa simu. Risiti hakunipa.

Ilikuwa foreksi. Anayetengeneza mabango anaijua: ni PVC iliyojazwa hewa, nyepesi, laini, inakubali kuchapishwa na kubandikwa stika. Kwa bango ni kitu kizuri. Kwa dirisha la stesheni la milimita 12 ni balaa. Ukuta wa milimita 3 kwa kipimo changu ni ukuta wa sentimita 26, na ukitoboa dirisha unaona ukingo wote umejaa vitundu kama mkate wa kumimina. Ukiugusa kwa ukucha unabonyea, na haurudi.

Nilistahimili. Nilisugua kingo kwa msasa, nikazipaka rangi mara tatu kuziba vitundu, nikakata kuta nne, veranda na dirisha la tiketi. Kazi ya wiki tatu hivi, baada ya isha, taa moja mezani. Gundi yangu ya modeli haikuishika kabisa, nikaenda kwa supagluu. Usiku mmoja nikasikia kitu kimedondoka sebuleni. Ukuta wa upande wa reli umebanduka, umelala kifudifudi na dirisha la tiketi limevunjika katikati. Nililitengeneza dirisha lile kwa kukumbuka, kwa sababu hapo ndipo baba alipokuwa akiniinua nimwone karani. Sikulala.

Asubuhi nilirudi dukani. Sikwenda kugombana, wallahi. Nilibeba gilasi ya maji na vipande viwili, chao na changu. Jaribio lenyewe ni jepesi na kila anayenunua plastiki ya kazi hii alijue: polistaireni ni nzito kidogo kuliko maji, ukiizamisha kwa kidole inashuka hadi chini. Foreksi ina hewa ndani, ukiizamisha inaibuka. Nikaiweka gilasi juu ya kaunta. Kipande changu kikazama. Chake kikaelea. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi si kitu kimoja. Nirudishie hata nusu ya pesa."

Alinitazama, akawatazama wateja, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mzee na mvi zako unacheza treni za watoto, halafu unatuletea maji dukani? Tupishe tuhudumie watu." Wengine wakacheka. Gilasi yangu akaisukuma kando kwa nyuma ya mkono, maji yakamwagika mpaka kwenye kanzu yangu.

Pesa zinauma, lakini si pesa. Nimezeeka hapa pwani na sijawahi kumsemesha mtu aliyenizidi umri vile. Angesema tu, "Baba, samahani, sikujua," ningeiacha ile elfu moja mia nane na ningerudi kununua tena. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: msiende. Hata kama bei ni nzuri, hata kama wanakata kwa mashine, msiende.

Ila lazima niseme na haya, maana yalitokea. Nilipokuwa natoka, kijana anayekata mbao na plastiki uani kwa lile duka alinifuata hadi barabarani. Akaniomba radhi, wakati kosa si lake. Akakichukua kile kipande changu, akakikunja, akakinusa, akasema, "Babu, hii nenda kwa mafundi wa friji. Ngozi ya ndani ya mlango."

Sikuamini, lakini nilipanda tuktuk nikaenda. Ni kweli. Friji nyingi zimevishwa ndani polistaireni yenye mchanganyiko wa mpira kidogo ili isivunjike ovyo. Fundi alikuwa na milango mitatu nyuma ya karakana, ameishavua alichokitaka. Chukua kutoka friji ambalo fundi ameshalitoa gesi, usivunje mwenyewe. Alinikatia mlango mzima kwa shilingi 200. Nyuma yake kuna sponji ya manjano, inakwanguka kwa kisu butu, kwa subira. Sehemu zilizojipinda kwa ajili ya rafu za mayai utatupa. Inayobaki imelala sawa, nyeupe, na kwangu ilikaribia milimita moja. Ilizama kwenye gilasi. Gundi ilishika. Kwa sababu ya ule mpira haikatiki kwa mchanjo mmoja, chanja mara tatu au nne. Kwa vitu vidogo kabisa, kama fremu za madirisha, natumia vikopo vya mtindi vyenye namba 6 ndani ya pembetatu chini yake. Vyenye namba 5 viacheni, gundi haivishiki.

Kwa hiyo lile duka limenisaidia? Limenisaidia, kupitia yule kijana, na nyota zote nampa yeye. Lakini kila nikikumbuka hilo nakasirika upya. Kijana wa uani alijua kwa kukunja na kunusa mara moja. Mwenye duka anakata plastiki kila siku, hakujua? Alijua. Aliniuzia hivyo hivyo, kisha akanicheka.

Ukuta wa upande wa reli umesimama tena, dirisha la tiketi liko mahali pake. Sasa nimefika kwenye jukwaa la abiria, na hapo nakiri kwa uchungu: foreksi ya milimita 3 inafaa sana kwa jukwaa, ni nyepesi na imenyooka, ila ya kwangu yote nimeimaliza kwa zile kuta zilizoharibika. Maduka mengine niliyouliza hawakati robo, ni karatasi nzima au uende. Nimemwambia mjukuu wangu aende yeye, apitie mlango wa uani, amuulize kijana peke yake, na asitoke bila risiti.