Kisu cha kukunja cha mfukoni: kipi kinunuliwe kwanza Arusha na Moshi

Kisu cha kukunja cha kubeba kila siku tunakipima kwa mambo matatu: wembamba wa bapa, urahisi wa kuisafisha bawaba, na sura yake kinapotoka mfukoni mbele za watu. Ukali wa dukani haumo. Kisu chenye chuma cha wastani kinanoleka, lakini bapa nene haligeuki jembamba, na loki (kizuizi kinachoshika bapa lililofunguliwa lisijikunje) ikiwa legevu haikazwi kwa jiwe.

Kazi zenyewe zinajulikana. Kukata kamba ya katani kwenye mdomo wa gunia, kufungua katoni, kumenya chungwa, kupasua parachichi, kuchuna ganda la waya, kukata mpira uliofunga mzigo kwenye bodaboda. Kwa hizo zote bapa la sentimita 6 hadi 8.5 linatosha. Anayechinja mbuzi au kukata migomba ana kisu chake na panga lake, na akimlazimisha huyu mdogo kufanya kazi hiyo atavunja bawaba.

Tazama mgongo wa bapa kabla ya kutazama kitu kingine. Ukiwa milimita 2 hivi, kisu kinapita kwenye karoti. Ukiwa milimita 3.5, karoti inapasuka "tak" kabla makali hayajafika katikati, kwa sababu bapa linafanya kazi ya kabari. Visu vingi vyenye sura ya kijeshi vina unene huo wa pili.

1. Victorinox ya milimita 91 au 93

Kisu hiki cha Uswisi, chenye urefu huo kikiwa kimekunjwa, ndicho tunachokiweka juu kwa mtu wa mjini. Cha milimita 91 kinachotosha ni Spartan, chenye uzito wa gramu 60 hivi: bapa kubwa na dogo, kifungua kopo, opena ya soda, chuma kifupi cha kutobolea mkanda, na kibanio cha kutolea mwiba. Pioneer ya milimita 93 ina mipini ya alumini, ni nzito kidogo, na inavumilia kuangushwa kwenye sakafu ya saruji. Kama kazi yako ni ya karakana, chukua Pioneer.

Chuma chake si kigumu sana, nacho kinafaa hapa: kinanoleka upesi kwenye jiwe la kawaida na hakishiki kutu kirahisi. Mwili uko wazi pande zote mbili, kwa hiyo vumbi la kiangazi linatoka kwa maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani. Zaidi ya hayo, mlinzi wa getini akikiona anaona kifaa cha kazi.

Udhaifu wake ujue mapema: hakina loki. Bapa linashikwa na springi ya mgongoni tu. Ukikata kwa kuvuta, hakuna shida. Ukichoma kwa ncha, bapa linaweza kukunjika juu ya vidole. Kutoboa ngozi au dumu, tumia kile chuma kifupi, ndiyo kazi yake.

Feki ni nyingi. Kwenye mipini myekundu inayong'aa ya milimita 91, ngao yenye msalaba ni kipande cha chuma kilichozamishwa ndani ya plastiki; ikiwa ni rangi iliyochapwa juu, ukucha utaisikia. Kwenye shina la bapa kubwa, karibu na bawaba, jina la kampuni limegongwa wazi. Kisha fungua kila kifaa kimoja kimoja: kila kimoja kinasimama kwa mlio mkavu na hakibaki na mchezo, yaani hakitikisiki.

2. Opinel namba 7 au 8, ya chuma kisichoshika kutu

Kwa matunda, mboga na nyama choma hakuna kinachokifikia kwa ubora wa kukata. Ni kisu cha Savoie, Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890. Bapa la namba 8 ni sentimita 8.5, mgongo wake hauzidi milimita 2, na kisu kizima kina gramu 45 tu. Kuanzia namba 6 kwenda juu kuna pete ya chuma shingoni: fungua bapa, zungusha pete, limefungwa. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955, na kwa kisu cha bei yake ni loki ya kuaminika kuliko nyingi.

Soma maandishi kwenye bapa. INOX ni chuma kisichoshika kutu. CARBONE ni chuma cha kaboni: kinapata makali mazuri sana, lakini ukimenyea chungwa au embe kinageuka kijivu cha samawati, na ukikiacha na ndimu usiku kucha asubuhi kina kutu. Kwa mtu anayebeba kisu mfukoni wakati wa masika, INOX.

Tatizo lake ni mpini wa mti. Ukilowa unavimba, na bapa linang'ang'ania ndani. Usilivute kwa meno wala koleo. Gonga kitako cha mpini mezani, ncha itatokeza kiasi cha kushikwa, kisha kiache kikauke kivulini siku moja au mbili. Usikiweke karibu na jiko la mkaa. Mti utapasuka kwenye ufa wa bapa, na hapo kisu kimekwisha.

3. Okapi

Hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na sasa kinatoka Afrika Kusini. Mpini wa mti, bapa la kaboni, na kipete cha chuma mgongoni. Ukikifungua, meno ya bawaba yanalia "kra-kra-kra"; ili kukifunga unavuta kipete ndipo bapa linaachia. Ni rahisi kueleweka, rahisi kunoa, na anayefanya kazi shambani atakifurahia. Tumekiweka cha tatu kwa sababu mbili: kinahitaji kupanguswa na kupakwa mafuta baada ya kila kazi yenye maji, na mlio ule kwenye foleni ya daladala unageuza vichwa. Vingi pia vina mchezo wa bapa hata vikiwa vipya, kwa hiyo chagua kwa mkono kati ya kadhaa.

4. Visu vya Kichina vyenye klipu na loki ya kibamba cha chuma

Hapa pana vizuri na vibaya vinavyofanana kwa sura, kwa hiyo kundi hili linadai macho zaidi ya mengine. Ndani ya mpini kuna kibamba cha chuma kinachoruka kando na kukaa nyuma ya shina la bapa. Kikikaa sawasawa kisu hakikunjiki. Kikikaa kwenye ukingo tu, kinateleza siku unayokikandamiza.

Angalia alama ya chuma. 8Cr13MoV, 14C28N na D2 ni vyuma vya maana. Kwa D2 kumbuka kwamba inahimili kutu nusu tu; jasho na ndimu vinaiacha na madoa. "440" bila herufi baada yake haikwambii kitu, kwa kuwa 440A na 440C ni vyuma viwili tofauti kabisa. Bapa lililoandikwa "Stainless China" tu, lihesabu kuwa laini: litakata katoni chache na kuomba jiwe.

Muuzaji akikupa sumaku kuthibitisha kwamba ni "orijino", mshukuru na umrudishie. Chuma cha kisu kisichoshika kutu nacho hunaswa na sumaku, kizuri na kibovu.

Vya kuacha mezani

Visu vya kubonyeza vinavyoruka vyenyewe, vyenye fuvu la kichwa au umbo la kucha. Springi yao huchoka, kitufe hukwama kwa vumbi, na bapa linaweza kufunguka mfukoni. Tena Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kisu cha sura hiyo kinakunyima maelezo kabla hujaulizwa.

Kukagua kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji tu, "Kaka, naomba nikifungue nikijaribu." Akikataa, nenda meza ya pili.

Fungua kisu, shika ncha kwa kitambaa, itikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Mchezo wa pembeni kwenye kisu chenye skrubu unaweza kukazwa. Mchezo wa juu na chini ni wa loki, na hauna dawa. Kwa chenye loki, funga loki halafu sukuma mgongo wa bapa kwa kiganja, vidole vyote vikiwa nje ya njia yake. Kisilegee hata kidogo. Kwa loki ya kibamba, chungulia: kiwe kimeingia robo hadi nusu ya upana wa shina. Kikiwa kimefika upande wa pili kabisa, kimekwishalika.

Kikunje ukitazame kwa juu. Bapa likikwaruza ukuta mmoja, makali yatakufa humo humo ndani kila unapofunga. Mwisho, kata karatasi ya gazeti kuanzia shinani hadi nchani. Panapokwama pana pengo.

Kwenye mitumba, iwe Memorial au Kiborloni mjini Moshi, ukikuta kilichotumika, linganisha upana wa bapa shinani na katikati. Bapa lililoliwa katikati limenolewa kwa mashine. Rangi ya bluu au zambarau karibu na makali ni mbaya zaidi: chuma kiliungua, ugumu umeondoka, na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo iishe. Ndiyo sababu hatushauri kumpa mnoaji wa baiskeli kisu chembamba, labda akubali kwenda polepole na kukichovya majini kila baada ya mpito mmoja.

Nyumbani jiwe la nyuso mbili linatosha. Anza na uso laini, inamisha bapa nyuzi 15 hadi 20, pitisha mara kumi kila upande, na urudie hadi usikie kijikunjo kidogo cha chuma upande wa pili wa makali. Kiondoe kwa mipito miepesi ya kupokezana.

Bawaba ya kisu kisicho na mpini wa mti osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha vizuri, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunasa vumbi, na kwenye loki ya kibamba vumbi hilo ndilo linalokizuia kufika mahali pake.

Ukienda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kisu kiingie kwenye begi linalopakiwa chini, si la mkononi, hata kama bapa ni la sentimita 4. Ukienda mahakamani au uwanja wa mpira kiache nyumbani. Kwenye bodaboda kibebe mfuko wa mbele. Cha mfuko wa nyuma hukaliwa, klipu hupinda, na kisu huanguka njiani bila wewe kujua.