Vyumba viwili vya uani na CV moja: tathmini ya sekretariati ya umma mjini Lubumbashi

Tangu Februari 2022 ninapangisha kwa siku vyumba viwili vya uani kwangu, katika kota ya Bel-Air. Wageni wangu wengi ni mafundi na wahasibu walio njiani kwenda migodi ya Kolwezi au wanaorudi kutoka huko, wafanyabiashara wanaosubiri mizigo yao ipite mpaka wa Kasumbalesa, na jamaa wanaokuja mjini kwa harusi au msiba. Mwezi wa tano mwaka huu niliona tangazo la kazi ya kusimamia nyumba za wageni za kampuni moja, nikakumbuka kwamba CV yangu inakoma siku niliyoacha kazi ya msaidizi wa mhasibu. Kwa mtu anayeisoma bila kunijua, miaka zaidi ya mitatu ya kufua mashuka, kupokea simu usiku na kutunza hesabu ilikuwa nafasi nyeupe. Ndiyo maana nilikwenda kwenye sekretariati ya umma, yaani duka la kuchapa na kunakili hati, iliyo karibu na katikati ya mji, na tathmini hii ni ya huduma yao ya kuandika CV. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayosema hayatawafurahisha, na vijana wanaofanya kazi pale ni watatu tu.

Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, mashine ya kupakia vyeti plastiki, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja umetegemezwa kwa tofali. CV pamoja na barua ya maombi, vyote kwa Kifaransa, ni dola 15, nusu ikilipwa mwanzoni. Noti yangu ya dola 5 ilikataliwa kwa sababu ya mpasuko wa pembeni usiozidi ukucha wa mtoto, jambo ambalo mkazi yeyote wa mji huu amelizoea, nikamalizia kwa faranga.

Toleo la kwanza lilikuwa baya, na ubaya wake unastahili kuelezwa kwa sababu nimeona CV za watu wengine zenye kosa lilelile. Kijana aliyenipokea alikuwa na fomu tayari kwenye kompyuta, akaniuliza mambo matatu tu: cheo, mwajiri na miaka. Nilipomweleza kwamba sehemu ya wageni huja kupitia Airbnb, aliandika kwamba mwajiri wangu ni Airbnb, na kwenye nafasi ya cheo akaniweka Mkurugenzi Mkuu. Chini yake zikafuata sentensi nne kuhusu mikakati na uongozi wa rasilimali watu, ilhali mtu pekee niliyewahi kumlipa ni binti anayenisaidia kufua siku za Jumamosi. Airbnb haijawahi kuniajiri. Ni soko la mtandaoni ambalo mwenye nyumba huweka chumba chake na mgeni hukichagua, na kampuni huchukua ada yake kutokana na kila nafasi iliyolipiwa. Mwajiri wa hapa kwetu, ambaye kwa kawaida hudai cheti cha huduma kutoka kila mahali ulipofanya kazi, angeniuliza kilipo cheti cha Airbnb, nami ningebaki nikitazama sakafu.

Nilirudisha karatasi ile, na hapo ndipo huduma yenyewe ilipoanza. Mwenzake aliye mkubwa kidogo kwa umri alivuta kiti, akaizima skrini na kuchukua kalamu. Aliniomba nimsimulie siku moja ya mgeni, kuanzia saa aliponiandikia hadi saa aliporudisha ufunguo, bila kuruka kitu. Nilimweleza kuhusu fundi aliyefika saa saba usiku kwa sababu lori lililombeba lilipasuka tairi, kuhusu mapipa ya maji ninayojaza kila jioni kwa kuwa bomba haliaminiki, kuhusu mafuta ya jenereta ninayopima kwa chupa ili nijue kila saa ya mwanga inanigharimu kiasi gani. Nilimweleza pia kwamba niliacha mashuka meupe na kununua ya rangi ya kahawia, kwa sababu wakati wa kiangazi vumbi jekundu la mji huu hubaki kwenye kitambaa hata baada ya kufuliwa mara tatu, na mgeni akiliona hudhani hukufua. Nilikuwa nikisema hayo kama mtu anayelalamika. Yeye aliandika mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, «Mama, ile yote njo kazi.»

Swali lake lililonishangaza zaidi lilikuwa kama niliwahi kukosea. Nilikiri kwamba mwezi wa nane mwaka 2022 niliwapa watu wawili chumba kimoja, mmoja kwa simu na mwingine kupitia programu ya Airbnb, nikalazimika kumpeleka wa pili kwa jirani na kumlipia usiku ule kwa fedha zangu. Mimi ningelificha kosa hilo, lakini yeye aliligeuza kuwa mstari ambao hadi leo naona ndio bora katika ukurasa mzima: kwamba nilianzisha kalenda moja kwa njia zote tatu za kuhifadhi nafasi, yaani simu, WhatsApp na programu, na kwamba tangu Septemba 2022 hakuna chumba kilichotolewa kwa watu wawili. Hakuna uongo ndani yake, wala hakuna neno kubwa.

Siku iliyofuata nilimletea daftari langu la miraba, lile la wanafunzi, ambamo nimeandika kila mgeni tangu mwanzo, tukahesabu pamoja. Walikuwa wageni 212, usiku 870 kwa vyumba vyote viwili, na kati ya wageni hao 64 walitoka Airbnb. Cheo cha Mkurugenzi Mkuu kilifutwa, nikawa mwendeshaji wa kujitegemea wa vyumba vya wageni, na jina la Airbnb likashuka hadi mahali pake halali, kama mojawapo ya njia za kupata wateja. Hapa nilibishana naye kidogo. Alitaka kuandika tu kwamba nina hadhi ya Superhost, ile ambayo Airbnb huwapa wenyeji wake bora, nami nikamwambia kwamba bosi wa kampuni ya uchimbaji anaweza kudhani ni jina la sabuni. Tulikubaliana kuifafanua kwa mstari mmoja: hadhi hiyo hupimwa kila miezi mitatu kwa kazi ya mwaka mzima uliotangulia, na humtaka mwenyeji awe na wastani wa alama 4.8 au zaidi kati ya 5, ajibu asilimia 90 ya wanaomwandikia ndani ya saa 24, asivunje nafasi zilizothibitishwa kwa kiwango kinachofika asilimia 1, na awe amepokea angalau safari 10 au usiku 100 katika nafasi zisizopungua 3. Kwa maelezo hayo, msomaji asiyewahi kuifungua programu hiyo anaelewa kinachopimwa.

Kuhusu ushahidi, ushauri wao ulikuwa wa maana kuliko nilivyotarajia. Badala ya cheti cha huduma ambacho hakuna wa kunipa, tuliambatisha ukurasa wa wasifu wangu uliochapishwa, wenye alama na maoni. Barua ya maombi inaeleza kwa kifupi kwamba wanaoandika maoni hayo ni watu waliohifadhi nafasi kwa njia ya programu, na kwamba mgeni na mwenyeji wana siku 14 za kuandika bila mmoja kuona maneno ya mwenzake kwanza. Tuliongeza jina la mhasibu wa kampuni ya usafirishaji anayewalaza madereva wake kwangu kila mwezi, baada ya mimi kumwomba ruhusa. Majina ya wageni wengine yalifichwa kwa wino mweusi, na hilo kijana yule alilifanya bila kuambiwa.

Yapo ya kulaumu. CV iliyoahidiwa kwa siku moja ilichukua siku nne. Siku ya pili umeme ulikatika tukiwa kwenye mstari wa mwisho, na kwa kuwa kompyuta yao haina betri wala hakuna aliyekuwa akihifadhi kazi, ukurasa mzima ulipotea. Tuliandika upya kutoka kwenye karatasi ya kalamu, na bahati ilikuwa kwamba karatasi ile ilikuwepo. Kifaransa chao kina makosa madogo ambayo mwanangu aliyeko chuo kikuu aliyasahihisha usiku. Picha yangu waliinyoosha hadi nikafanana na mtu mwingine. Na ukiketi mbele ya kijana wa kwanza badala ya wa pili utalipa dola zilezile 15 kwa fomu iliyojazwa, jambo ambalo mwenye duka angepaswa kulitazama. Ushauri wangu kwa anayekwenda pale ni aombe aulizwe maswali kwanza, na aende na daftari lake.

Niliitwa kwenye usaili wiki mbili baadaye. Mama aliyenisaili aliruka elimu na lugha, akaweka kidole kwenye ule mstari wa kalenda na kuniuliza nini hasa kilitokea kabla ya Septemba, nami nikamsimulia habari ya chumba kilichopewa watu wawili na fedha nilizolipa kwa jirani. Aliuliza pia kama nitaendelea kupokea wageni nikiajiriwa, swali ambalo sekretariati haikunitayarishia hata kidogo, na ambalo ningependa walijumuishe katika mazoezi yao. Nilijibu kwamba dada yangu atashika vyumba. Majibu bado nayasubiri.

Jumatatu iliyopita nilirudi pale kuchapisha nakala tatu zaidi kwa ajili ya matangazo mengine. Binti wa kwenye printa alilifungua faili bila kuniuliza, akazitoa, akazipiga pini. Niliposoma ya juu, nilikuta Mkurugenzi Mkuu, mwajiri Airbnb. Toleo la kwanza walikuwa wamelihifadhi vizuri kabisa, umeme au hakuna umeme. Nilizichana palepale, nikalipia karatasi zote, kisha nikamwomba anihamishie toleo sahihi kwenye flashi yangu.