Mihtasari ya wafuga nyuki kwenye simu: uzoefu wangu na Mammoth

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki hapa Tabora. Muhtasari wa kikao nauandika kwa Word. Mwanachama aliyeko Sikonge au Urambo anausoma kwenye simu. Katikati ya hapo nimehangaika mwaka mzima.

Nilianza na PDF. Mzee mmoja akanipigia: "Mwanangu, hii karatasi yako nikiivuta nione mwisho wa mstari, mwanzo unanipotea." Alisema kweli, maana ukurasa wa A4 kwenye kioo cha simu ni mateso. Nikajaribu huduma ya nje inayoonyesha faili ndani ya tovuti yako, lakini ilitaka faili liwe wazi kwa yeyote kwenye intaneti. Mihtasari yetu ina hesabu za akiba za watu na tovuti yetu ina nywila. Nikaachana nayo siku hiyo hiyo.

Kijana anayetutunzia tovuti ndiye aliyeniletea Mammoth, programu ya bure. Faili la docx, ambalo Word imelitumia tangu toleo la 2007, kumbe ni kifurushi cha zip: ukilifungua unakuta maandishi yako kwenye faili liitwalo document.xml. Mammoth inaingia humo, inatazama hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, kisha inageuza kuwa HTML, lugha ya kurasa za tovuti. Ukubwa wa herufi, rangi na pambizo inaviacha, na ndiyo maana maandishi yanajipanga yenyewe kulingana na upana wa simu.

Muhtasari wa kwanza, hata hivyo, ulitoka bila kichwa hata kimoja. Miaka yote kichwa kwangu kilikuwa wino mzito na herufi za ukubwa wa 16. Kwa macho ni kichwa, lakini ndani ya faili ni aya ya kawaida iliyokolezwa wino. Nilikaa jioni mbili nikipitia mihtasari ya nyuma, kila kichwa nikikipa mtindo wa Heading 1 au Heading 2. Kazi hiyo ilinichosha, lakini nashukuru niliifanya: sasa hata Word yenyewe inanitengenezea orodha ya yaliyomo bila taabu.

Jedwali la bei za asali na nta lilifika na tarakimu zote ila bila mistari. CSS kidogo, yaani maelekezo ya sura ya ukurasa, ikamaliza. Faili za zamani za .doc Mammoth haizisomi, kwa hiyo nazihifadhi upya kama docx kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word. Picha ndizo za kuangalia sana. Kwa kawaida inazitia ndani ya ukurasa wenyewe kwa base64, yaani picha inaandikwa kama herufi, na uzito wake unaongezeka kwa kama theluthi. Bando ni la mwanachama, si langu, hivyo picha za mizinga nazipunguza kwanza kabla ya kuzibandika. Tena Mammoth haichuji viungo (link) vyenye hila, kwa hiyo tunapandisha faili zetu wenyewe tu.

Mikataba yenye sahihi na muhuri bado naiweka kwa PDF, kwa kuwa huko sura ya karatasi ina uzito wake.

Juma lililopita mzee yule alinipigia tena. Safari hii alikuwa amefika kipengele cha sita: nimeandika ndoo tatu za asali, naye alileta nne. Nikafungua daftari la mapokezi, nikakuta ni nne. Nimerekebisha usiku ule ule.