Darasa la kupiga mbizi kwa bwawa hapa Nairobi: nimeenda, haya ndio maoni yangu

Kama umekuwa ukifikiria kujifunza kupiga mbizi lazima kwanza usafiri mpaka Diani ama Watamu, kuna klabu hapa Nairobi inafunza Jumamosi asubuhi kwa bwawa la kuogelea na mtungi wa hewa unauvaa siku hiyo hiyo ya kwanza. Nililipa elfu tano mia tano, vifaa vyote ndani.

Kilichonishika ni mwalimu. Kabla hatujagusa maji aliweka regulata, kile kifaa unachoshika mdomoni kukupa hewa ya mtungi, mezani akaifungua, akatuonyesha kile kiwambo cha mpira, ukivuta pumzi kinabonyea ndani kinasukuma valvu hewa inakuja, ukiacha kuvuta inajifunga. Akasema hapa mnaangalia kazi ya Wafaransa wawili ya mwaka wa 1943, Jacques Cousteau afisa wa jeshi la majini na Émile Gagnan injinia wa kampuni ya gesi. Ilikuwa wakati wa vita, petroli imeadimika, magari yanaendeshwa kwa gesi, na Gagnan alikuwa na valvu ya kuipa injini gesi kulingana na vile inahitaji. Wakaigeuza impe binadamu hewa! Mimi niliskia hivyo nikabaki nimeangalia tu kale kachuma.

Sasa tukaingia, mita mbili tu, tukaambiwa tutoe regulata mdomoni tuirudishe. Mimi nikaitoa ikaangalia juu, hewa ikaanza kububujika kwa nguvu mapovu kila mahali sioni kitu, nikapanda juu mbio moyo unadunda. Mwalimu hakunigombeza hata kidogo. Alikuja akaniambia, dada, igeuze mdomo wake uangalie chini, na kweli ikanyamaza. Halafu tukiwa tumeshikilia ukingo akanieleza kwamba Cousteau mwenyewe alipojaribu chombo chao mtoni Marne huko Ufaransa kilimsumbua pia, akisimama wima hewa inapotea bure, akiinamisha kichwa chini kuvuta kunakuwa kugumu, mpaka wakahamisha tundu la kutolea pumzi likakaa karibu na lile la kuingizia, kwa sababu presha ya maji inabadilika hata kwa tofauti ndogo ya kina. Hapo nikaelewa kwa mwili wangu, si kwa kuambiwa, na niliporudi chini sikuogopa tena.

Kitu kingine nilichoheshimu, hakumfanya huyo mzee Cousteau malaika. Alituambia wazi ile filamu yake ya 1956 iliyoshinda tuzo za Cannes na Oscar ina mahali wanalipua matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki, na mahali mabaharia wa meli yake Calypso wanaua papa kwa hasira. Na ni yeye huyo huyo 1960 alisimama kupinga taka za nyuklia zisitupwe baharini Mediterania, na 1973 akaanzisha shirika la kulinda bahari. Mtu alibadilika, na mimi naona watoto wetu waambiwe yote mawili, baruti na kubadilika.

Mabaya sasa. Tulianza kuchelewa dakika arobaini bila mtu kutuambia sababu. Maski mbili zilikuwa zinaingiza maji, yangu ikiwa moja, mpira umezeeka, na mtu anayeanza maji yakimuingia puani anaweza kukata tamaa kabisa, tafadhali wanunue mpya. Maji pia ni baridi sana mwezi wa saba, beba nguo nzito ya kuvaa ukitoka. Kama una pumu ama masikio yanakusumbua waambie mapema kabla hujalipa.

Na mkienda kuzama Pwani baadaye, msizame asubuhi halafu mpande ndege jioni, subirini angalau masaa 18, kwa sababu ukipanda juu presha ya hewa inapungua na gesi iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu. Hiyo mwalimu aliirudia mara tatu na hata Nairobi kwenyewe tuko juu zaidi ya mita 1,600, kwa hivyo mimi safari ya Watamu mwezi wa kumi nimeipangia siku nzima ya kupumzika kabla ya kurudi.