Marlin 336 kaliba .30-30: bunduki ya leva kwenye pori la Uganda

Habari zenu watazamaji. Hii hapa mezani ni Marlin 336, kaliba .30-30. Kabla ya lolote, tazameni: leva, huu mkono ulio chini ya kifyatulio, nimeisukuma mbele hadi mwisho, mlango wa pembeni uko wazi, kidole changu kinaingia chembani, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na hakikuti kitu. Haya, tuendelee.

Jibu langu nawapa mapema ili asiye na muda aende zake. Kwa impala, pongo, ngiri na wanyama wa ukubwa huo, ndani ya mita 150, hii ni bunduki nzuri sana. Nje ya hapo chukueni bunduki ya bolti, ile ya kuvuta komeo kwa mkono. Na yeyote anayewauzia hii kama bunduki ya nyati, huyo anatafuta hela yenu tu.

Najua kuna watakaomtaja Theodore Roosevelt, yule rais wa zamani wa Marekani. Ni kweli, alipita Uganda kati ya Desemba 1909 na Januari 1910, akavuka kwenda Lado, upande wa magharibi wa Nile, karibu na Rhino Camp ya leo, na alikuwa na Winchester ya leva. Lakini ile ilikuwa modeli ya 1895, kaliba .405, bunduki nyingine kabisa, na hata yeye alibeba pia Holland & Holland ya mitutu miwili kwa wanyama wakubwa. Kwa nyati kipimo kinachokubalika na wawindaji wataalamu ni .375 H&H kwenda juu. Msilete mjadala wa .30-30 hapo.

Sasa namba. Risasi ya greni 150, yaani karibu gramu 9.7, inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 730 hivi kwa sekunde. Ile ya greni 170, gramu 11, inatoka kwa mita 670. Ukiilenga igonge sawasawa mita 100, ikifika mita 200 imeshashuka zaidi ya sentimita 20, na kwa mnyama mdogo kama taya hiyo ni kumkosa, au vibaya zaidi, kumvunja mguu. Kwa greni 150 mimi napendekeza muirekebishe igonge sentimita 5 juu ya alama kwenye mita 100. Hapo mita 150 itakuwa karibu sawa na alama, na huna haja ya kupiga hesabu yoyote ukiwa porini.

Wapi inafaa? Ranchi zinazozunguka Ziwa Mburo, kule Kiruhura, zenye migunga na vichaka, mnyama unamwona mita 60, mita 90. Vichaka vya bonde la Kafu pia, kwa pongo na ngiri. Nzohe ndiye anayewadanganya watu. Wanasikia kinamasi, wanawaza pori la karibu. Nzohe unamngoja juu ya jukwaa, unatazama mafunjo kwa juu, na anapojitokeza umbali hupita mita 150 kirahisi. Hiyo si kazi ya leva. Na ile hadithi kwamba risasi nzito ya .30-30 inapasua vichaka bila kupinda, achaneni nayo. Kijiti kinene kama kidole kinaipindisha kama kinavyopindisha nyingine zote.

Tuje kwenye hili bomba chini ya mtutu, ndiyo magazini yenyewe. Linabeba risasi 6, ya 7 inakaa chembani. Ndani ya bomba risasi zinapangana mstari mmoja, ncha ya hii imegusa kitako cha ile ya mbele yake, na kitako ndipo ilipo fataki, kile kidude kinachowasha baruti kikigongwa. Ukiweka risasi zenye ncha kali ya chuma, bunduki ikipiga teke moja tu, ncha inaweza kugonga fataki na risasi ikalipuka ndani ya bomba, sentimita chache kutoka mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo ni ncha bapa au duara pana, basi. Ncha kali pekee zinazoruhusiwa ni zile zilizotengenezwa maalumu, kama LEVERevolution ya Hornady, ambazo ncha yake ni ya plastiki laini inayobonyea. Someni boksi. Dukani ukiambiwa "zote ni .30-30 tu", rudisha boksi.

Kupakia: sukuma risasi kwenye lango hili la kulia kwa kidole gumba, lakini usiisukume hadi mwisho. Iache imebaki nje kidogo, kisha risasi inayofuata ndiyo iisukume ndani. Lango halipati nafasi ya kukung'ata kidole. Ya mwisho tu ndiyo unaisukuma yote.

Leva ina sheria moja: mwendo kamili. Mbele hadi igonge, nyuma hadi igonge, kwa nguvu. Wageni wengi huivuta kwa upole wakiogopa kelele. Ganda tupu halitoki, au risasi mpya haipandi, unabonyeza kifyatulio unasikia "tak" na mnyama ameshaondoka. Halafu kidole kikae nje ya kifyatulio wakati leva inarudi.

Ugonjwa wake mkubwa sasa, ambao wenye hizi bunduki wanaujua. Unavuta leva, inafika katikati, inakwama. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Ndani kuna kinyanyuzi, hiki kijiko cha chuma kinachopandisha risasi kutoka bombani. Ukingo wa leva ukiwa mkali unakwaruza kinyanyuzi kwa chini kila unapoivuta, taratibu unachimba mfereji. Mfereji ukiwa wa kutosha kinyanyuzi kinakosa wakati wake, risasi ya pili inatoroka bombani na kujibana chini yake. Msilazimishe leva, mtaharibu zaidi. Mtutu uelekezwe pasipo na mtu, fungueni skrubu ya leva, toeni leva na bolti, lile komeo linalofunga chemba, kisha mrudishe risasi iliyojibana kwa kijiti cha mbao. Dawa ya kudumu ni kwa fundi bunduki mwenye leseni: anauzungusha ule ukingo wa leva kwa jiwe laini na kurekebisha kinyanyuzi. Ukiwahi kabla mfereji haujawa mkubwa, ni kazi ndogo.

Na skrubu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niipende 336 kuliko Winchester 94 kwa usafi. Angalieni. Nyundo nimeivuta nyuma, leva nusu, bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu, natoa. Leva inashuka, bolti inateleza nyuma. Hiki kidude kilichoanguka ni kitoa-ganda. Hukaa ukuta wa kushoto ndani, na huanguka bila kuaga, kwa hiyo tandikeni kitambaa cheupe chini. Sasa ufito wa kusafishia unaingia kutokea chembani, haukwaruzi mdomo wa mtutu. Wakati wa kurudisha, kitoa-ganda kwanza, kipini chake kwenye tundu lake, ndipo bolti. Ukikisahau, magazini ya kwanza porini itakukumbusha.

Mafuta ni kidogo, ya kupangusa tu. Vumbi la Karamoja likikutana na grisi linakuwa msasa. Upande wa ziwani adui ni unyevunyevu: futeni chuma kila jioni, na msiiache ndani ya mfuko wa ngozi usiku kucha. Ndani ya bomba la magazini msitie mafuta kabisa, yanaingia kwenye fataki. Pangusa kwa kitambaa kikavu.

Kwa anayetaka iliyotumika: zile za zamani za kiwanda cha North Haven, Marekani, zina alama ya JM kwenye mtutu, upande wa kushoto karibu na mwili wa bunduki. Remington ikainunua Marlin, na zile za miaka ya mwanzo baada ya kuhamisha kiwanda zikagueni mara mbili, vilengeo na mbao hasa. Ruger ilichukua mwaka 2020, na namba zao zinaanza na RM. Hizo kazi yake ni safi. Geuzeni bunduki mkamulike kinyanyuzi kwa tochi, tafuteni mfereji niliousema. Tazameni ufa kwenye mbao pale nyuma ya mwili. Nyundo ikiwa kwenye hatua ya nusu, yaani imevutwa nusu tu, chemba tupu, bonyezeni kifyatulio: ikianguka, ondokeni.

Sheria, kwa kifupi. Bunduki ni cheti cha polisi, na namba iliyo kwenye chuma ilingane na ya kwenye karatasi. Cheti hicho hakikupi mnyama. Kuwinda ni kibali cha UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, eneo lililoruhusiwa, na mtaalamu mwenye leseni pembeni yako. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 ina adhabu zinazofika kifungo cha maisha. Mgeni anayeleta ya kwake aiachie kampuni ya uwindaji ishughulikie kibali cha kuingiza kabla hajapanda ndege.

La mwisho ni darubini. Ganda hapa linatoka pembeni, kwa hiyo darubini inakaa juu bila shida, na ya kukuza mara 1 hadi 4 inatosha. Tatizo ni kwamba inaifunika nyundo, na kidole chenye jasho kinateleza wakati wa kuishusha. Nunueni kipembe cha kuongeza nyundo, kinatoka pembeni hivi, na mkikaze tena baada ya risasi chache za kwanza, maana kinalegea. Wiki ijayo tunaifungua Winchester 94. Maswali andikeni hapo chini.