Inveltys: matone ya jicho ya mara mbili kwa siku

Kabla ya kutolewa mtoto wa jicho upande wa kulia hapa Ohio, daktari aliniandikia Inveltys, matone ya loteprednoli (steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe) ya asilimia 1 yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya uvimbe na maumivu yanayofuata upasuaji wa jicho. Nimeyatumia wiki 2, asubuhi na usiku. Jicho la kushoto, lililotangulia kupasuliwa, nililitibu kwa steroidi ya mara 4 kwa siku, na tone la mchana nililisahau kazini karibu kila siku.

Tofauti hiyo inatokana na chembe za Inveltys. Jicho halipendi wageni: ukipepesa kope, ute uliotanda juu yake hunasa kilichoingia na machozi hukisukuma kuelekea puani, ndiyo maana baadhi ya dawa za macho huacha uchungu kooni. Katika Inveltys, dawa imesagwa hadi chembe za nanomita mia chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha kila chembe ikavikwa polima, yaani kemikali ya molekuli ndefu kama minyororo, isiyoshikamana na ute, hivyo inapenya katikati ya nyuzi za ute na kuikaribia konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, badala ya kufagiliwa nje. Ieleweke kwamba hapa polima ni vazi tu. Haikuihifadhi dawa ndani yake kama katika Ozurdex, kile kijiti kinachodungwa ndani ya jicho na kuyeyuka polepole.

Chupa ni ndogo, ina kizibo cha waridi, na ni lazima uitikise kidogo, kwani chembe hutuama. Tone likishaingia, macho huona ukungu kwa muda mfupi; mimi nilikuwa nikikaa kitandani hadi uishe.

Lawama yangu kubwa ni bei. Bima yangu iliikataa mwanzoni, ikitaka nianze na dawa ya kawaida, na kibali kilipatikana jioni ya kuamkia upasuaji, nikiwa bado nimesimama kwenye foleni ya famasi. Tena, vazi la polima haliifanyi steroidi kuwa kitu kingine: inaweza kupandisha presha ya jicho, na anayeitumia siku 10 au zaidi hana budi kupimwa. Yangu ilipimwa, haikupanda.

Mwenye mtu wa kumdondoshea nyumbani atatosheka na loteprednoli ya kawaida, ambayo ina toleo la bei nafuu. Mimi ninayejidondoshea mwenyewe, nikiwa zamu mchana kutwa, ningeiomba hii tena.